Kupunguza mwendo kwa gia

Kupunguza mwendo kwa gia (pia: breki ya injini) ni njia ya kupunguza au kuzuia mwendo wa gari kwa kutumia ukinzani wa injini yenyewe badala ya breki za magurudumu. Dereva huondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta huku gari likiwa ndani ya gia, na kama ukinzani hautoshi hupangua gia, yaani hushuka kutoka gia kubwa kwenda ndogo. Hapo si injini tena inayozungusha magurudumu, bali magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kazi hiyo hula mwendo wa gari.

Njia hii hutumika hasa katika magari yenye gia za mkono. Madereva wamebishana kwa miaka mingi kama ni bora kupunguza mwendo kwa gia au kwa breki. Jibu hutegemea barabara. Kwenye tambarare breki zinatosha, na ndizo zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwenye mteremko mrefu, hasa kwa gari lenye mzigo, gia ndiyo inayopaswa kulishika gari, na breki hubaki akiba. Kuna njia ya tatu ambayo ni mbaya kuliko zote mbili, nayo ni kuteremka na nyutro.

Jinsi injini inavyozuia gari

Katika injini ya petroli, mguu ukitoka kwenye mafuta, mlango wa hewa unaoingia kwenye silinda hufungwa karibu wote. Pistoni zinaendelea kushuka na kuvuta hewa ambayo haipo ya kutosha, kama mtu anayevuta bomba la sindano huku ameziba tundu lake kwa kidole. Nguvu ya kuvuta dhidi ya utupu huo, pamoja na msuguano wa pistoni, beringi, pampu ya mafuta ya injini na giaboksi, hutoka kwenye mwendo wa gari.

Wengi hudhani kwamba kinachozuia gari ni mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Si hivyo hasa. Hewa iliyogandamizwa hufanya kama springi: pistoni ikishuka, hewa ile huisukuma na kurudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyotumika kuigandamiza. Ndiyo sababu injini ya dizeli ya kawaida, ambayo kwa desturi haina mlango wa kuzuia hewa kama wa petroli, huzuia gari kwa unyonge kuliko ukubwa wake unavyoahidi, na ndiyo sababu malori ya dizeli hufungwa vifaa vya ziada vinavyoelezwa chini.

Gia ndogo huzuia zaidi kwa sababu mbili zinazofanya kazi pamoja. Kwanza, uwiano wa gia huzidisha ukinzani wa injini kabla haujafika kwenye magurudumu. Katika gari ambalo uwiano wa gia ya pili ni 2.0 na wa gia ya tano ni 0.8, ukinzani uleule wa injini hufika kwenye magurudumu ukiwa mara mbili na nusu katika gia ya pili. Pili, kwa mwendo uleule wa gari injini huzunguka haraka zaidi katika gia ndogo, na injini inayozunguka haraka ina ukinzani mkubwa zaidi. Dereva akikanyaga klachi, yote hayo hukatika papo hapo, kwa kuwa injini na magurudumu havijaunganishwa tena.

Joto la breki

Breki za kawaida hupunguza mwendo kwa msuguano: pedi hubana diski, au lainingi husukumwa dhidi ya ngoma ya breki. Nishati mwendo ya gari haipotei, inageuka joto ndani ya chuma. Kwa hiyo swali la gia au breki ni swali la joto, na hesabu yake si ngumu.

Gari dogo lenye tani 1.5 likienda kilomita 80 kwa saa lina nishati mwendo ya takriban kilojouli 370. Likipunguzwa hadi kilomita 40 kwa saa, hubaki na kilojouli 93 tu, kwa kuwa nishati mwendo hufuata mraba wa mwendo: nusu ya mwendo, robo ya nishati. Breki zimepokea kilojouli 277. Kama diski zake zote zina jumla ya kilo 20 za chuma, joto lao litapanda kwa nyuzi 30 hivi za selsiasi, kisha zitapoa kwa upepo. Hilo ni jambo dogo kwa breki nzima, na linaweza kurudiwa siku nzima mjini bila madhara.

Chukua sasa lori na tela lake lenye tani 40 likishuka mteremko ambao chini yake ni mita 300 kutoka kileleni kwa kimo. Nishati inayopaswa kuondolewa ili lori lifike chini bila kuongeza mwendo ni takriban megajouli 118. Nishati hiyo inatosha kuchemsha lita 350 za maji kutoka kwenye baridi ya kawaida. Hata kama ngoma za breki zote zina jumla ya kilo 600 za chuma, joto lao lingepanda kwa zaidi ya nyuzi 400 kama zisingepoa njiani. Upepo na msuguano wa matairi hubeba sehemu ya kazi hiyo, lakini katika mwendo wa lori kwenye mteremko mkali sehemu hiyo ni ndogo.

Mwendo nao una neno lake. Ikiwa mteremko ni wa asilimia 6, yaani gari hushuka mita 6 kwa kila mita 100 za safari, kimo cha mita 300 ni safari ya kilomita 5. Kwa kilomita 30 kwa saa lori litachukua dakika 10, na joto litaingia kwa kiwango cha kilowati 196 hivi. Kwa kilomita 60 kwa saa litachukua dakika 5, na kiwango kitakuwa mara mbili. Jumla ya joto ni ileile, ila muda wa kupoa umekatwa nusu.

Breki zikipita joto linalostahimilika, mambo kadhaa hutokea. Pedi na lainingi hupoteza uwezo wa kushika, hata dereva akikanyaga kwa nguvu zote. Ngoma ya breki hutanuka kwa joto na kujitenga na lainingi, hivyo pedeli huenda mbali zaidi kabla breki haijashika. Katika magari madogo, mafuta ya breki yanaweza kuchemka ndani ya mabomba. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Pedeli hushuka hadi sakafuni na breki haishiki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya kiasi kinachotumiwa katika vipimo, kiwango cha chini hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Gari ambalo mafuta yake ya breki hayajabadilishwa kwa miaka linaweza kuwa na breki nzuri kabisa mjini na kukosa breki mlimani.

Katika taarifa za ajali husemwa mara kwa mara kwamba gari "lilifeli breki". Maneno hayo huchanganya mambo mawili. Lipo gari ambalo bomba lake lilipasuka au lilikosa matengenezo, na lipo gari lenye breki nzima ambazo ziliunguzwa na mteremko kwa sababu dereva alishuka na gia kubwa. La pili ni gumu kugundua baadaye, kwa kuwa breki zikipoa zinaweza kushika tena kama kawaida. Harufu ya kuungua na moshi kwenye magurudumu ndizo dalili za mapema. Dereva anayeziona anapaswa kusimama mahali salama na kuziacha breki zipoe zenyewe. Kumwagia maji chuma chenye joto kali kunaweza kukipasua.

Kwenye mteremko mrefu

Kanuni inayofundishwa kwa madereva wa magari makubwa ni kuchagua gia kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko. Mara nyingi gia inayofaa ni ileile ambayo lori lingehitaji kupanda mlima huo au ndogo zaidi. Ingawa kanuni hii ni ya zamani, malori ya kisasa yenye injini kubwa hupanda kwa gia za juu kuliko yale ya zamani, kwa hiyo mengi huhitaji kushuka kwa gia ndogo kuliko ya kupandia.

Gia ikiwa sahihi, mwendo hubaki karibu uleule bila breki au kwa breki kidogo. Mwendo ukizidi ule aliojiwekea, dereva hukanyaga breki kwa uthabiti kwa sekunde chache hadi ushuke kilomita 8 hivi kwa saa, kisha huachia na kuacha chuma kipoe mpaka mwendo upande tena. Kuegesha mguu kwenye breki muda wote huzinyima nafasi ya kupoa. Kupigapiga pedeli haraka haraka nako hakufai kwa lori lenye breki za upepo, kwa kuwa kila mkanyago hutumia upepo uliomo kwenye matangi, na matangi yanaweza kupungua haraka kuliko kompresa inavyoyajaza.

Umuhimu wa kuchagua gia mapema unaonekana zaidi katika malori yasiyo na sinkronaiza kwenye giaboksi. Dereva anayejaribu kupangua gia akiwa tayari anakimbia mteremkoni hutoa gia ya kwanza aliyokuwamo, kisha ile anayoitaka hukataa kuingia kwa sababu mwendo wa injini na wa magurudumu haulingani. Gari linabaki katika nyutro, linaongeza kasi, na kila sekunde inayopita inafanya gia izidi kukataa. Hapo breki za magurudumu ndizo pekee zilizobaki, tena zikiwa zimeshapata joto.

Afrika Mashariki ina miteremko mingi ya aina hii, kwa kuwa barabara kuu zinazotoka bandarini hupanda nyanda za juu na kuvuka Bonde la Ufa. Nchini Tanzania mlima Kitonga, katika mkoa wa Iringa, uko kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia. Malori yanayotoka bandarini huupanda, na yale yanayoleta shaba kutoka Zambia na Kongo huushuka yakiwa yamejaa, katika barabara nyembamba yenye kona kali. Mlima Sekenke mkoani Singida ni mwingine unaofahamika kwa madereva wa safari ndefu. Nchini Kenya sehemu ya Sachangwan hadi Salgaa, kwenye barabara kuu ya Eldoret na Nakuru, imepata sifa mbaya kwa ajali za malori. Mteremko wake hautishi ukiutazama, lakini ni mrefu.

Nyutro na imani ya kuokoa mafuta

Kuteremka na nyutro (madereva wengine husema "kuweka frii") ni kutoa gari kwenye gia na kuliacha libingirike kwa uzito wake. Sababu inayotajwa karibu kila mara ni kuokoa mafuta. Dereva wa lori anayepewa mafuta ya kupimwa kwa safari nzima ana sababu ya kutaka yabaki, na mteremko wa kilomita kadhaa huonekana kama zawadi.

Imani hiyo ilikuwa na ukweli kidogo wakati wa kabureta, kwa sababu kabureta ya kawaida huendelea kutoa petroli kila injini inapovuta hewa. Katika injini za petroli zenye sindano za kielektroniki mambo ni kinyume. Gari likiwa ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya mafuta na injini ikizunguka juu ya kiwango cha sailensa, kompyuta ya injini hukata mafuta kabisa. Injini inazungushwa na magurudumu na haihitaji kitu. Injini za dizeli pia hukata mafuta katika hali hiyo, hata zile za pampu ya zamani. Katika nyutro, kinyume chake, hakuna kinachoizungusha injini, hivyo inalazimika kuunguza mafuta ili isizimike. Kwenye mteremko mkali, dereva wa nyutro anatumia mafuta ambayo mwenzake aliye ndani ya gia hatumii, na juu ya hayo anaunguza breki.

Kinachobaki cha hoja hiyo ni mteremko mdogo sana, ambapo gari lililo ndani ya gia lingepungua mwendo na kuhitaji mafuta tena, ilhali la nyutro lingebingirika mbali zaidi. Faida hiyo ipo, lakini ni ya matone, na inaondoa udhibiti.

Sheria za nchi mbalimbali zinalitazama jambo hili kwa ukali tofauti. Katika jimbo la California, Marekani, sheria ya magari inakataza kuteremka barabarani na gia ikiwa nyutro. Kitabu rasmi cha kanuni za barabarani cha Uingereza, katika kanuni ya 122, kinaonya dhidi ya kubingirika kwa nyutro au kwa klachi iliyokanyagwa, kwa kuwa gari huongeza kasi upesi mteremkoni, breki hutumika kupita kiasi na usukani huathirika kwenye kona. Kukanyaga klachi muda wote wa mteremko ni nyutro kwa jina jingine, na wanafunzi wengi wa udereva huifanya bila kujua.

Kwenye barabara tambarare

Huko Uingereza, zamani wanafunzi walifundishwa kushuka gia moja baada ya nyingine, kutoka ya nne hadi ya kwanza, kila walipokaribia kusimama. Wakati huo breki zilikuwa dhaifu na mafunzo yalikuwa na maana. Breki za diski zilipoenea, mafunzo yalibadilika: breki za kupunguzia mwendo, gia za kuendea. Dereva hukanyaga breki akiwa katika gia aliyokuwamo, kisha akishafikia mwendo anaoutaka huingiza moja kwa moja gia inayoufaa, kwa mfano kutoka ya tano hadi ya pili. Akisimama kabisa, hukanyaga klachi mwishoni ili injini isizimike.

Upo pia upande wa gharama. Pedi za breki ni kitu cha kuisha na kubadilishwa, na fundi huzibadilisha kwa muda mfupi. Diski ya klachi iko kati ya injini na giaboksi, na kuifikia ni lazima giaboksi ishushwe. Dereva anayeachia klachi kwa kukokota kila anapopangua gia ili kuhifadhi pedi anahifadhi cha bei ndogo kwa kuchakaza cha bei kubwa.

Jambo jingine husahaulika: gia haiwashi taa za breki. Aliye nyuma hana ishara kwamba gari la mbele linapungua, hasa usiku. Kugusa pedeli ya breki kidogo kunatosha kumwonya.

Kupangua gia bila kuumiza injini

Hatari kubwa ya kupangua gia ni kuruka kwenda gia ndogo mno. Kama injini huzunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia ya tano gari likienda kilomita 100 kwa saa, na uwiano ni ule uliotajwa juu, kuingiza gia ya pili katika mwendo huo kutailazimisha izunguke mara 7,500. Injini nyingi za petroli za magari ya kawaida zina alama nyekundu kabla ya hapo, na za dizeli mapema zaidi. Kifaa cha kuzuia injini isizidi mizunguko hakisaidii, kwa sababu kinakata mafuta tu, na hapa si mafuta yanayoizungusha bali uzito wa gari. Valvu zinaweza kugongana na pistoni. Kwa hiyo mwendo hupunguzwa kwanza kwa breki, ndipo gia ndogo iingizwe.

Gia ikiingia na klachi ikaachiwa ghafla, gari hushtuka. Madereva wazoefu hukanyaga mafuta kidogo klachi ikiwa chini, ili injini ipande hadi mizunguko inayolingana na gia mpya, na mshtuko hutoweka. Katika malori yasiyo na sinkronaiza klachi hukanyagwa mara mbili: ya kwanza kutoa gia, kisha mafuta huongezwa gari likiwa nyutro kwa kitambo kifupi, na ya pili kuingiza.

Mshtuko huo una hatari zaidi kwenye utelezi. Breki ya injini hufanya kazi kwenye magurudumu yanayoendeshwa peke yake. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma likipanguliwa gia kwa ukali kwenye tope au lami yenye maji, magurudumu hayo yanaweza kuteleza na sehemu ya nyuma kupinda kando. ABS hailizuii hilo, kwani yenyewe hudhibiti shinikizo la breki tu. Lakini gia ndogo iliyoingizwa mapema, kabla ya tope, hushika gari kwa upole kuliko mguu wowote.

Breki za ziada za malori

Kwa kuwa dizeli huzuia gari kwa unyonge, malori mengi yana breki ya ekzosi: valvu inayoziba bomba la moshi ili pistoni zisukume dhidi ya moshi uliofungiwa. Nyingine yenye nguvu zaidi hufungua valvu za moshi mwishoni mwa mgandamizo, hewa iliyobanwa ikatoka kabla ya kurudisha nguvu yake kama springi. Mvumbuzi wake, Clessie Cummins wa Marekani, alikuwa mwaka 1931 akishuka na lori kwenye njia ya Cajon, California, breki zikaisha nguvu na akaponea chupuchupu kugonga treni chini ya mteremko. Kifaa chake kilianza kutengenezwa na kampuni ya Jacobs mwaka 1961, na madereva wengi duniani bado hukiita kwa jina la kampuni hiyo. Vifaa vyote viwili hufanya kazi gari likiwa ndani ya gia tu. Lori lililowekwa nyutro limevizima vyote, hata kama swichi yake imewashwa.

Breki zikikosa kushika

Breki za gari dogo zikipotea ghafla, dereva hupampu pedeli haraka, kwani wakati mwingine shinikizo hurudi, huku akipangua gia moja baada ya nyingine na kuvuta breki ya mkono polepole, si kwa mkupuo mmoja. Injini haizimwi: usukani wenye msaada huwa mzito, na ufunguo ukitolewa usukani unaweza kujifunga. Kwa lori lililokwisha kushika kasi mteremkoni nafasi ni finyu zaidi, na ndiyo maana baadhi ya nchi hujenga kando ya miteremko mikali njia za dharura zinazopanda na kujazwa kokoto nene, ambamo lori huingia na kuzama hadi lisimame.